Mume Naye Apimwe: Mishipa ya Korodani Iliyovimba na Tumaini la Uzazi



Miaka kadhaa iliyopita alifika kliniki mama mmoja kijana, ameshika bahasha ya kaki iliyochakaa. Alinisalimu, "Shikamoo mama," akaketi, kisha akaimwaga bahasha yote mezani. Zilikuwa karatasi za miaka 6 ya ndoa: picha za altrasaundi, picha ya mirija ya uzazi, vipimo vya homoni, vipimo vya mkojo na vya damu, na vyeti vya dawa kutoka zahanati tatu. Karibu majibu yote yalikuwa mazuri. Katika bahasha ile hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina la mume wake.

"Mama mkwe amesema tusubiri hadi Pasaka," aliniambia. "Baada ya hapo mwanawe atatafutiwa mwingine wa kumzalia."

Nikamwuliza, "Na mumeo, amepimwa?"

Akanitazama kwa mshangao. "Yeye apimwe nini, mama? Yeye ni mzima."

Sikumlaumu, maana kosa hilo hata mimi nililitenda. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi, mwanamke asiyepata mimba alipokuja, nilimpima yeye, nikampa dawa yeye, nikamwambia arudi yeye mwezi ujao. Sikumwita mume. Ni akina mama wangapi waliomeza dawa wasizozihitaji kwa sababu yangu, Mungu ndiye anayejua. Ndiyo maana mwezi huu nataka tuzungumze kwa uwazi, lakini kwa heshima, juu ya ugonjwa mmoja wa wanaume ambao huzuia uzazi, na ambao mara nyingi unatibika.

Watoto wanaosoma gazeti hili na wazazi wao wasiogope. Mwili ni kazi ya Mungu, na hakuna kiungo alichokiumba kwa aibu.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Mama aliyezaa mara nyingi anaijua mishipa ya damu inayovimba na kujipinda miguuni. Mishipa hiyo ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Vena za aina hiyo zikivimba ndani ya mfuko wa korodani, ugonjwa huo madaktari huuita varikoseli.

Vena zina milango midogo ndani yake. Kazi ya milango hiyo ni kuiruhusu damu ipande na kuizuia isirudi chini. Milango ikilegea, damu hurudi na kutuama. Mshipa hutanuka, hujikunja, na mtu akiupapasa huhisi kitu kama kifurushi cha minyoo laini juu ya korodani.

Ugonjwa huu aghalabu huanza wakati wa balehe, viungo vinapokua na damu nyingi inapoingia korodani. Si ugonjwa wa zinaa. Hauambukizwi. Haukuletwa na dhambi, wala na laana ya ukoo, wala na mtu aliyekuonea kijicho.

Kati ya wanaume 100, kama 15 hivi wanao. Wengi wao huzaa watoto bila shida na hawajui kamwe kwamba wanao. Lakini kati ya wanaume 100 wanaofika hospitali kwa sababu hawajapata mtoto, 35 hadi 40 hukutwa nao. Katika sababu zote za ugumba wa mwanamume zinazoweza kurekebishwa kwa upasuaji, hii ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi.

KWA NINI UPANDE WA KUSHOTO?

Karibu kila mara uvimbe huu huwa upande wa kushoto. Sababu yake iko katika jinsi mishipa ilivyopangwa. Vena ya korodani ya kulia huingia katika vena kubwa ya tumboni kwa mshazari, kama mto mdogo uingiavyo katika mto mkubwa. Vena ya kushoto ni ndefu zaidi, nayo huingia katika vena ya figo kwa kukingama. Mkulima wa kumwagilia anajua: mfereji ukikingama na mfereji mwingine, maji husita na kurudi nyuma. Ndivyo damu ifanyavyo upande wa kushoto.

Kwa sababu hiyo, uvimbe unaoonekana upande wa kulia peke yake hutufanya tuwe waangalifu. Kadhalika uvimbe usiopungua mtu anapolala chali, au uliotokea ghafla kwa mtu mzima. Huenda kuna kitu tumboni au kwenye figo kinachoubana mshipa. Mtu huyo apigwe picha ya altrasaundi ya tumbo bila kuchelewa.

UNADHURU VIPI UZAZI?

Kwa nini Mungu aliziweka korodani nje ya tumbo? Kwa sababu mbegu za kiume hazitengenezwi vizuri katika joto la mwili. Korodani huhitaji ubaridi unaopungua joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Mtandao wa vena unaozizunguka husaidia kuipoza damu inayoshuka kabla haijazifikia.

Vena zikijaa damu iliyotuama, upoozaji huo huharibika. Joto huongezeka, na taka za mwili zilizomo katika damu hiyo hukaa karibu na korodani kuliko inavyofaa. Matokeo yake mbegu huwa chache, au huogelea kwa uvivu, au huwa na maumbo yasiyo sawa. Kwa baadhi ya vijana korodani yenyewe husinyaa na kuwa ndogo kuliko ya upande wa pili. Na ingawa uvimbe uko upande mmoja, korodani zote mbili huweza kuathirika.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wanaume wengi huniuliza kwa kunong'ona. Uzazi na nguvu za kiume ni mambo mawili. Mwenye varikoseli kwa kawaida hutimiza tendo la ndoa kama mwanamume yeyote. Kwa sababu hiyo hujiona mzima, na lawama yote humwangukia mke.

DALILI ZAKE

Wengi hawana dalili yoyote. Wengine huhisi uzito au maumivu ya kuvutavuta kwenye korodani, hasa jioni baada ya kusimama kutwa, kulima au kubeba mizigo. Maumivu hayo hupungua mtu akilala. Wengine huona mishipa iliyojikunja chini ya ngozi, au korodani moja kuwa ndogo kuliko nyenzake.

Watu wetu wana desturi ya kuuita kila uvimbe wa sehemu hizo "mshipa". Tujifunze kutofautisha:

Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Ukimulika kwa tochi gizani, mwanga hupenya.

Ngiri ni utumbo ulioshuka kupitia tundu la kinena. Huongezeka mtu akikohoa, nayo ikikwama huweza kuua.

Uvimbe mgumu wa korodani yenyewe, hata kama hauumi, unahitaji daktari mapema, kwa sababu huweza kuwa saratani.

Maumivu makali ya ghafla, hasa kwa kijana, huweza kuwa korodani iliyojisokota na kukatiwa damu. Huyu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Saa 6 zikipita, nafasi ya kuiokoa korodani hupungua sana.

VIPIMO

Daktari humpima mgonjwa akiwa amesimama, katika chumba kisicho na baridi. Hupapasa kwa vidole, kisha humwambia avute pumzi, aizuie na kujikaza kama anayejisaidia haja kubwa. Ugonjwa una ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, uvimbe hushikika pale tu mtu anapojikaza. Katika ya pili, hushikika akisimama tu. Katika ya tatu, huonekana kwa macho. Uko pia uvimbe mdogo mno unaoonekana kwa altrasaundi peke yake. Huo hauhitaji kupasuliwa, kwa maana upasuaji wake haujaonekana kuongeza uzazi.

Kipimo cha pili ni cha manii. Maabara huangalia wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha kulinganishia ni mbegu milioni 16 katika mililita moja, na angalau mbegu 42 kati ya 100 ziwe zinacheza. Aliye chini ya hapo anaweza bado kuzaa, na aliye juu anaweza kuchelewa. Vipimo hivi humwongoza daktari, si hukumu.

Mume ajizuie tendo la ndoa siku 2 hadi 7 kabla ya kupima. Manii yafike maabara kabla ya saa moja kupita, nayo yasipate baridi wala jua. Chupa ikae kwenye mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili. Kipimo kirudiwe angalau mara moja. Mtu aliyetoka kuugua malaria au homa nyingine kali asubiri miezi mitatu, kwa sababu homa yenyewe hupunguza mbegu kwa muda.

Najua swali mlilo nalo wasomaji Wakatoliki: manii yatapatikanaje bila kuvunja maadili? Ipo njia ambayo wanamaadili wengi wa Kanisa wameikubali. Mume na mke hufanya tendo lao la ndoa wakitumia mpira maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, uliotobolewa tundu dogo, ili tendo libaki wazi kwa uzazi, na kiasi kinachobaki ndani ya mpira hupelekwa maabara. Kondomu za kawaida hazifai, kwa kuwa mafuta yake huziharibu mbegu. Msione haya kumweleza daktari dhamiri yenu mapema, na mkiwa na wasiwasi zungumzeni na padre wenu.

Wakati huo huo mke naye apimwe. Msingoje mmoja amalize ndipo mwingine aanze. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, sababu nzima au sehemu yake iko kwa mume. Nyingine zote ziko kwa mke, au hazijulikani. Mirija iliyoziba haifunguki kwa kumpasua mume.

NANI APASULIWE?

Upasuaji hupendekezwa pale mambo haya yanapokutana: wenzi wamekaa mwaka mzima au zaidi wakitafuta mtoto bila kupata, uvimbe unashikika kwa mkono, kipimo cha manii kimeonyesha kasoro, na mke ana uwezo wa kushika mimba, au tatizo lake linatibika. Pia hupasuliwa mwenye maumivu yasiyotulia, na kijana ambaye korodani yake inaachwa nyuma katika kukua.

Mwanamume mwenye varikoseli ambaye manii yake ni mazuri na hana maumivu, hahitaji kisu. Asikubali mtu kumtisha.

Umri wa mke nao uangaliwe. Mke akivuka miaka 35 uwezo wa kushika mimba hupungua, na mbegu mpya huchukua miezi kutengenezwa. Kwa ndoa hizo, msingoje mwaka mzima. Miezi 6 ikipita nendeni mkaonane na daktari.

UPASUAJI UNAVYOFANYIKA

Ugonjwa huu si mpya. Celsus, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza, alikwisha kuieleza mishipa hiyo. Lakini katika miaka ya 1950 ndipo daktari Selby Tulloch wa Edinburgh, Uskoti, alipoandika habari ya mwanamume asiyekuwa na mbegu hata moja, ambaye baada ya kupasuliwa pande zote mbili mbegu zilirudi na mkewe akapata mimba. Tangu hapo madaktari wa nchi nyingi wakaanza kuutibu ugonjwa huu kwa ajili ya uzazi.

Kazi ya daktari ni kuzifunga vena zilizoharibika ili damu isirudi chini. Damu haikosi njia, kwa kuwa ziko vena nyingine nzima zinazoipandisha. Mshipa unaoleta damu safi, mishipa ya limfu na mrija wa kupitishia mbegu huachwa salama. Narudia kwa ajili ya akina baba wanaoogopa: huku si kuhasiwa, wala si kufungwa kizazi. Katika kufunga kizazi mrija wa mbegu hukatwa. Hapa mrija huo hulindwa.

Ziko njia kadhaa. Ya kwanza ni kupasua kidogo kwenye kinena, karibu na mahali pa kupasulia ngiri. Hii inaweza kufanywa na daktari mpasuaji katika hospitali nyingi. Ya pili ni kupasua chini kidogo ya hapo kwa kutumia hadubini au miwani ya kukuzia, ili kila mshipa uonekane wazi. Hii ndiyo yenye madhara machache zaidi, ila inataka vifaa na fundi aliyezoea. Ya tatu ni ya matundu madogo tumboni kwa kamera. Ya nne haina kisu: mrija mwembamba hupitishwa ndani ya vena mpaka mahali palipoharibika, na vena huzibwa. Wataalamu wa upasuaji wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume wanapatikana katika hospitali kubwa kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Muhimbili Dar es Salaam. Hospitali iliyo karibu nawe itakuandikia barua ya rufaa.

Mgonjwa hupewa ganzi ya mgongoni au nusukaputi. Kazi yenyewe aghalabu huchukua saa moja hivi kwa upande mmoja. Wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake.

Madhara yapo, na ni haki yako kuyajua. Busha huweza kutokea baada ya upasuaji ikiwa mishipa ya limfu imefungwa kwa bahati mbaya. Kwa upasuaji usiotumia hadubini, watu kama 7 kati ya 100 huweza kupata busha. Kwa hadubini hupungua hata chini ya mmoja. Uvimbe huweza kurudi, na hapo pia hadubini hupunguza hatari. Ni nadra sana korodani kukosa damu na kusinyaa. Kidonda nacho huweza kuingia vijidudu kama kidonda kingine chochote.

BAADA YA KUPASULIWA

Haya ndiyo ninayowaambia wagonjwa wangu mlangoni wanapotoka:

Pumzika siku mbili au tatu. Vaa chupi inayoshika vizuri ili korodani zisining'inie.

Usibebe mzigo, usilime, usipande baiskeli wala kuendesha bodaboda kwa wiki 3 hadi 4, au kama daktari atakavyokuelekeza.

Tendo la ndoa lingoje wiki mbili hivi.

Weka kidonda kikavu na safi. Usipake majani, mavi ya ng'ombe wala dawa ya meno.

Ukipata homa, usaha, uvimbe unaokua au maumivu yanayozidi, rudi mara moja. Usingoje tarehe ya kliniki.

Kisha uwe mvumilivu. Mbegu moja huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, na siku nyingine kadhaa kusafiri hadi kukomaa. Zile ulizonazo leo zilianza kabla ya kupasuliwa. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya miezi 3, halafu miezi 6. Asiyejua jambo hili hukata tamaa mwezi wa kwanza na kukimbilia kwa mganga.

TUTARAJIE NINI?

Sitawadanganya. Kati ya wanaume 100 waliopasuliwa kwa sababu zinazofaa, kama 60 hadi 70 hivi mbegu zao huongezeka au huchangamka. Lakini mbegu kuongezeka si sawa na mtoto kuzaliwa. Katika utafiti mmoja uliofanywa Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2011, wanandoa waliopata mimba ndani ya mwaka mmoja walikuwa kama 33 kati ya 100 pale mume alipopasuliwa, na kama 14 kati ya 100 pale ambapo hakupasuliwa. Tafiti nyingine hazikuonyesha tofauti kubwa kiasi hicho, na wataalamu bado wanalijadili jambo hili. Kwa asiye na mbegu kabisa, tumaini lipo lakini ni dogo.

Kwa hiyo upasuaji huu huongeza nafasi. Hautoi ahadi. Anayekuahidi mtoto kwa hakika, awe na koti jeupe au awe na tunguri, usimwamini.

Msaidieni daktari kwa kufanya yaliyo katika uwezo wenu. Mume aache sigara na apunguze pombe. Asiweke kompyuta yenye joto mapajani, wala asikae muda mrefu katika maji ya moto. Asichomwe sindano za homoni ya kiume kwa kudhani zitamwongezea mbegu. Kinyume chake, sindano hizo huzikausha. Dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa vituo vya mabasi hazitibu mshipa. Na wenzi wajifunze njia ya asili ya kutambua siku za rutuba. Wengi wanadhani elimu hiyo ni ya kupanga uzazi tu, kumbe huwasaidia pia wanaotafuta mtoto: siku mke anapoona ute mwepesi unaoteleza ndizo siku za kukutana.

KANISA LINATUFUNDISHA NINI?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inazitia moyo juhudi za kupunguza ugumba, mradi zimheshimu mtu na ndoa. Upasuaji huu unamponya mume ili tendo la ndoa lizae matunda yake. Hauchukui nafasi ya tendo hilo, kwa hiyo ni halali kabisa. Ni tofauti na kutunga mimba katika chupa, jambo ambalo Kanisa halilikubali, kama lilivyoeleza katika waraka Donum Vitae wa mwaka 1987.

Pili, Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 1084 inasema wazi kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Ndoa yenu ni ndoa, kuwe na watoto au kusiwe. Hakuna mkwe, ukoo wala mzee wa kimila mwenye mamlaka ya kumfukuza mke wa sakramenti kwa sababu hajazaa. Wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA, na akina baba wa UWAKA, jambo hili lisemwe katika mikutano yenu. Hana alilia hekaluni kwa kudharauliwa, na mumewe Elkana hakumwacha. Hata hivyo Elkana naye hakuelewa uchungu wake wote. Wanaume na wajifunze hapo.

Tatu, kitabu cha Yoshua bin Sira kinatuagiza kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Kwenda hospitali si upungufu wa imani. Sali, kisha nenda ukapimwe.

TURUDI KWA YULE MAMA

Mume wake alikuja baada ya kuitwa mara tatu. Alikaa pembeni ya kiti, kofia mkononi, hasemi neno. Daktari alimkuta na uvimbe wa ngazi ya tatu upande wa kushoto. Mbegu zilikuwa milioni 5 kwa mililita. Alipotoka ndani aliniuliza, "Mama, ina maana miaka yote hii ni mimi?" Nikamjibu, "Mwanangu, hii ni mishipa. Si wewe. Na si yeye." Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akatoka nje kwenda kukaa kwenye benchi karibu na mkewe. Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa mama yake na kumwonyesha karatasi yake. Habari za mwanamke mwingine ziliishia hapo.

Alipasuliwa. Baada ya miezi 3 mbegu zilikuwa milioni 11. Baada ya miezi 6, milioni 19. Mwezi wa kumi na moja mke alikosa siku zake. Walinileta kwenye ubatizo wa binti yao, na bibi yake ndiye aliyembeba hadi kanisani.

Lakini ninaijua ndoa nyingine, mume aliyepasuliwa vizuri, mbegu zikaongezeka, mke mzima, na mtoto hakuja. Walilia, wakasali, wakarudi kupima. Mwishowe walikwenda Ustawi wa Jamii wakafuata taratibu za kuasili, na leo wanamlea mtoto wa kiume anayewaita baba na mama. Sitasema kwamba machungu yao yamekwisha. Ila mume huyo aliwahi kuniambia kuwa tangu siku alipokubali kupimwa, mkewe hakubeba tena mzigo ule peke yake.

Basi, ndugu wasomaji, ikiwa nyumbani kwenu iko bahasha ya kaki kama ile, ifungueni leo muitazame pamoja. Kama majina yote ni ya mke, mwezi huu ni zamu ya mume. Baba, hutapoteza heshima yako kwa kuingia mlango wa kliniki. Mkeo ameingia humo mara nyingi kwa ajili yenu wawili.

Mungu awabariki, na awajalie afya njema.